Pembe ya Kiwiko

Juma lililopita ukurasa huu ulikuwa jikoni, ukieleza namna ya kukausha mihogo isiote ukungu. Juma hili tunahamia mezani, penye daftari la hesabu la mtoto wa darasa la saba. Wazazi wa kambini na wa vituo vya polisi wana lalamiko moja lisilokwisha: mtoto anarudi nyumbani na swali la pembe, baba anamwonyesha njia yake, mjomba anamwonyesha nyingine, jirani naye anaongeza ya tatu, na mtoto analala akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyotoka shuleni.

Lalamiko hili lina uzito wa pekee kwa jamaa za askari. Mtoto wa mkulima aghalabu huanza na kumaliza masomo chini ya mwembe ule ule. Mtoto wa askari hufuata uhamisho wa baba yake au wa mama yake. Leo yuko Mbarara, mwakani Gulu, na mwaka wa mtihani unamkuta Busia. Kila shule ina mwalimu wake, na kila mwalimu ana njia anayoipenda.

Kisa kilichotufanya tushike kalamu kilitokea Buhehe, katika wilaya ya Busia, sehemu ambayo kabla ya mwaka 1997 ilikuwa ndani ya wilaya ya Tororo. Askari mmoja wa polisi alihamishiwa huko pamoja na jamaa yake. Binti yake, aliyekwisha kupita shule mbili, aliingia shule ya tatu na muda si mrefu akapewa zoezi lenye swali la pembe. Alipata jibu sahihi. Hata hivyo, daftari lilirudi na alama ya kosa ya wino mwekundu, na pembeni maneno machache yanayosema kuwa hiyo siyo njia waliyofundishwa darasani. Jioni ile baba akamwuliza, “Mwanangu, kama jibu lako ni lile lile la mwalimu, umekosa nini?” Binti akajibu, “Sijui, Baba. Labda nianze kusahau ile njia ya zamani.”

Jibu la binti huyu ndilo linalotusumbua. Mtoto anayeamua kusahau jambo la kweli ili apate amani darasani amepata hasara kubwa kuliko alama mbili. Basi na tulichukue swali lenyewe, tulizungukie pande zote, tuone kama kweli lina mlango mmoja.

Chukua karatasi, rula na kalamu ya risasi. Juu ya karatasi chora mstari mmoja wa kulala. Ncha yake ya kushoto iite A na ya kulia iite B. Chini yake, umbali wa vidole vinne au vitano, chora mstari mwingine sambamba na ule wa kwanza. Ncha ya kushoto iite C na ya kulia iite D. Sasa weka nukta E katikati ya mistari hiyo miwili, lakini iwe upande wa kushoto, nje ya A na C. Unga A na E, kisha unga E na C. Umepata umbo kama mkono uliokunjwa, kiwiko chake kikielekea kushoto. Pembe iliyopo A, kati ya AB na AE, ni nyuzi 130. Pembe iliyopo C, kati ya CD na CE, ni nyuzi 145. Swali linauliza: pembe ya kiwiko, yaani AEC, ni nyuzi ngapi?

Maswali ya sura hii ni ya kawaida katika vitabu vya mazoezi pande zote mbili za mpaka. Ugumu wake hautokani na hesabu, maana kuna kujumlisha na kutoa tu. Ugumu ni kwamba kanuni anazozijua mtoto zote zinahitaji mstari mmoja unaokata mistari miwili sambamba, na hapa mstari huo haupo. Umekunjika njiani. Mtoto anakodoa macho, haoni ile herufi Z aliyozoea wala ile herufi F. Hapo ndipo wengine huchukua kipimapembe na kupima picha, wakasahau kwamba picha za mtihani mara nyingi hazichorwi kwa vipimo vya kweli. Wengine hujumlisha 130 na 145 na kuandika 275, bila kujiuliza vipi kiwiko kinachoonekana chembamba kiwe na nyuzi nyingi kuliko mstari ulionyooka.

Siri ni moja kwa njia zote: ongeza mstari ambao mwenye kuuliza hakuuchora. Tofauti ya njia na njia ni wapi uuongeze.

Walimu wengi hupitisha mstari kwenye kiwiko. Kutoka E chora mstari kuelekea kulia, sambamba na AB na CD. Mstari huo unakigawa kiwiko vipande viwili. Sasa kila kipande kina jirani yake. Pembe mbili za ndani, zilizo upande mmoja wa mstari unaokata mistari sambamba, hujumlika kuwa 180. Kwa hiyo kipande cha juu ni 180 kutoa 130, yaani 50, na kipande cha chini ni 180 kutoa 145, yaani 35. Jumla ni nyuzi 85. Ni njia safi, fupi, na haina lawama. Tahadhari moja tu: mtoto asidhani kuwa mstari huo unakata kiwiko nusu kwa nusu. Tumeona watoto wakipata kipande cha juu, 50, kisha wakakizidisha kwa mbili.

Binti wa Buhehe, katika shule yake ya kwanza, alikuwa amefundishwa kurefusha mikono. Mstari wa AB urefushe kuelekea kushoto kupita A. Mstari wa CE nao urefushe kupita E, upande juu mpaka ukutane na ule wa kwanza. Mahali pa kukutana paite G. Mara moja imezaliwa pembetatu, GAE. Pembe yake ya A ni 50, kwa kuwa pamoja na 130 inafanya mstari ulionyooka. Pembe yake ya G ni 35, kwa kuwa sasa GC ni mstari mmoja usiokunjika unaokata mistari sambamba, na G na C ni jirani wa ndani. Kiwiko AEC ni pembe ya nje ya pembetatu hiyo, nayo pembe ya nje ni sawa na jumla ya pembe mbili za ndani zilizo mbali nayo: 50 na 35, nyuzi 85. Shemeji wa yule askari, aliyesoma ng’ambo ya mpaka upande wa Kenya, aliapa kuwa hii ndiyo njia pekee. Tunamheshimu shemeji, lakini hakusema kweli.

Njia aliyoitumia binti katika daftari lile lenye wino mwekundu alijifundisha katika shule ya pili. Kwa maoni yetu ndiyo nzuri kupita zote, na ndiyo maana alama ile ya kosa ilituuma. Aliunga A na C kwa mstari ulionyooka, basi. Umbo likagawanyika: kushoto kuna pembetatu AEC, kulia kuna mistari miwili sambamba iliyokatwa na AC. Upande wa kulia, pembe za A na C zinajumlika kuwa 180. Hatujui kila moja ni ngapi, na hatuhitaji kujua. Jumla ya pembe tulizopewa ni 130 na 145, yaani 275. Ondoa 180 za upande wa kulia, zinabaki 95, nazo ni za pembetatu upande wa kushoto, zikiwa zimegawanywa kati ya A na C kwa namna yoyote ile. Pembetatu ina nyuzi 180. Ukitoa 95, kiwiko kinabaki na 85. Tazama vema alichokifanya mtoto huyu: amefika bila kujua pembe mbili ambazo mwanafunzi mwingine angekesha akizitafuta. Kuifahamu jumla bila kuvijua vipande vyake ni busara ambayo hata wahasibu wa serikali huitumia kila siku.

Iko njia nyingine ya kufunga umbo upande wa kulia, ambayo mafundi ujenzi wataipenda. Simamisha ukuta wa wima kutoka B hadi D, ukutane na mistari yote miwili kwa pembe mraba. Sasa una nyumba yenye pembe tano: A, B, D, C na E. Umbo la pembe tano hukatika kuwa pembetatu tatu, kwa hiyo lina nyuzi 540. Jumlisha 130, 90, 90 na 145, upate 455. Zilizobaki ni 85. Njia hii inahitaji mtoto akumbuke jambo moja zaidi, yaani ile 540, lakini ina faida: haijali kiwiko kimekunjwa mara ngapi.

Njia ya mwisho hatukuikuta katika daftari la mtu. Ilitokana na yule baba mwenyewe. Alikuwa amesema, kama wasemavyo wengi, kwamba hesabu za pembe alizisahau tangu siku alipovaa sare. Tukamwomba achore umbo lile kwa majivu uani, mistari iwe na urefu wa hatua kumi, kisha alikanyage kama yuko katika gwaride.

Simama B, uso ukielekea A, yaani magharibi. Tembea. Ukifika A, hapana budi ugeuke kushoto ili uifuate AE. Umegeuka kiasi gani? Kama ungeendelea moja kwa moja pembe ya A ingekuwa 180. Lakini ni 130, basi umegeuka nyuzi 50. Tembea hadi E. Hapo unageuka tena kushoto, kwa kiasi tusichokijua bado. Tembea hadi C, ugeuke kushoto nyuzi 35, uelekee D. Sasa simama. Ulianza ukitazama magharibi, na sasa unatazama mashariki, kwa kuwa mistari ni sambamba. Kwa lugha ya gwaride umefanya nini? Baba akajibu kabla hatujamaliza kuuliza: “Nyuma geuka!” Nayo nyuma geuka ni nyuzi 180, hata kama umeifanya kwa vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni 50, cha mwisho ni 35, kwa hiyo pale E aligeuka 95. Na kiwiko chenyewe ni kile kilichobaki kutoka 180, yaani 85.

Binti alimwangalia baba yake kwa namna ambayo baba yeyote angependa kuangaliwa.

Tunaiandika habari hii kwa urefu kwa sababu wasomaji wetu wengi wanayo elimu ya pembe bila kuijua. Askari aliyefundishwa kusoma ramani anajua kwamba akipima mwelekeo wa kilima kutoka alipo, kisha akataka mwelekeo wa kurudi, anaongeza nyuzi 180 au anazipunguza. Kwa nini? Kwa sababu mstari wa kaskazini alipo na mstari wa kaskazini kule kilimani huhesabiwa kuwa sambamba. Ni sheria ile ile ya daftari la mtoto. Askari wa doria karibu na mto Sio na mtoto wa darasa la saba wanafanya kazi moja, ila mmoja ana dira na mwingine ana rula.

Sheria hizo ni za kale sana. Euclid, aliyefundisha Alexandria nchini Misri karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, alizipanga katika kitabu chake cha kwanza cha jiometri. Sheria ya 29 inahusu mistari sambamba inayokatwa, na ya 32 inasema pembe za ndani za pembetatu ni sawa na pembe mraba mbili, na kwamba pembe ya nje ni jumla ya zile mbili za mbali. Miaka kama sitini baadaye, mkuu wa maktaba ya mji huo huo, Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika nchi ambayo leo ni Libya, alizitumia kupima dunia nzima. Aliambiwa kwamba huko Syene, mji ambao leo ni Aswan, katika siku ndefu kuliko zote za mwaka, adhuhuri jua husimama utosini hata kisima huangaza mpaka chini. Siku na saa ile ile, Alexandria, kitu kilichosimama wima kilitupa kivuli, na pembe ya kivuli ilikuwa sehemu moja ya hamsini ya duara, yaani nyuzi 7.2. Akasema: miale ya jua ni sambamba; basi pembe hiyo ni sawa na ile iliyo katikati ya dunia kati ya miji miwili. Ile herufi Z, wasomaji wapenzi! Umbali wa miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000, hivyo mzunguko wa dunia ukawa mara hamsini ya hapo, stadia 250,000. Maji ya Nile yanayotoka ziwani pale Jinja, si mbali na Busia, hupita Aswan hiyo hiyo kabla ya kufika baharini.

Turudi kwenye mtihani, kwa kuwa hapo ndipo mzazi ana haki ya kuwa na hofu. Je, njia nyingine itampotezea mtoto alama? Katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa Uganda, unaosimamiwa na UNEB, baraza lililoundwa mwaka 1983, karatasi ya hesabu ina maswali 20 ya sehemu A yenye alama 40, na maswali 12 ya sehemu B yenye alama 60. Mtoto huandika hesabu yake yote, na msahihishaji huiona. Huko Kenya, mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu mwaka 1985 hadi wa mwisho mwaka 2023, ulikuwa na maswali 50 ya hesabu yenye majibu manne kila moja, na mtoto alichagua herufi. Kwa hiyo shemeji wa ng’ambo alilelewa katika mtihani uliotazama jibu, na binti anajiandaa kwa mtihani unaotazama na safari. Hii ni tofauti kubwa, na jamaa za mpakani, zenye watoto huku na huku, zilipaswa kuelezwa mapema.

Anayetazama safari hadai kwamba wote wapite barabara moja. Anadai kila hatua iwe na sababu yake. Mtoto aliyeandika “360 kutoa 275, jibu 85” bila neno jingine amepata namba ya kweli, lakini mwulize 360 imetoka wapi. Akijibu kuwa ni jumla ya jozi mbili za pembe za ndani, 180 na 180, kama ilivyo kwenye njia ya mstari wa kiwikoni, basi anajua. Akisema “ndivyo tunavyofanya,” geuza swali: weka kiwiko upande wa pili, kikielekea kulia katikati ya mistari, pembe za A na C ziwe 50 na 35. Mwenye kukariri atatoa tena kutoka 360 na kuandika 275, ambayo ni pembe ya upande wa nje wa kiwiko. Mwenye kuelewa atapata 85 na kucheka kwamba ni ile ile.

Yule askari alikwenda shuleni kuonana na mwalimu, akiwa amevaa nguo za kiraia, kwa ushauri wa mkewe. Ushauri huo ulikuwa wa hekima. Sare mlangoni pa darasa huwafunga watu midomo. Alisema, “Mwalimu, sikuja kudai alama. Naomba unieleze hatua gani ya binti yangu haina sababu.” Mwalimu akasoma daftari upya, mstari kwa mstari, akakaa kimya kidogo, kisha akamwita mtoto ubaoni awaonyeshe wenzake. Walimu wa namna hiyo wapo wengi, na darasa la watoto themanini au zaidi halimpi mtu nafasi ya kusoma kila daftari kwa utulivu. Wazazi wakumbuke hilo kabla ya kupandisha sauti.

Kwa wale wanaotaka kuketi na watoto wao Jumapili hii, tunawaachia swali. Mistari ni AB juu na CD chini, sambamba kama kwanza, lakini safari hii upande wa kushoto kuna viwiko viwili, E na F, vyote vikibenuka kwa nje: unatoka B kwenda A, kisha E, kisha F, kisha C, ukamalizia D, na kila kona unageukia kushoto. Pembe ya A ni nyuzi 140, ya E ni 120, ya C ni 150. Tafuta pembe ya F kwa njia mbili zisizofanana, na mojawapo iwe ya gwaride. Majibu tutayachapa juma lijalo, pamoja na habari ya kuhifadhi dagaa wa Majanji.